Mrefu, mkongwe, mkubwa: rekodi za maji ya kale na watu waliozipima

Wafalme wa zamani walipenda kujisifu kwa maji. Senakeribu wa Ashuru alichonga jina lake kwenye mawe ya daraja la mfereji. Sultani wa Kilwa alijijengea bwawa la kuogea lenye pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Lakini majisifu si kipimo. Ili ijulikane nani hasa alichimba mfereji mrefu, nani alitangulia kuziba mto na nani alishuka chini kuliko wenzake, ilibidi wapimaji waende wenyewe, kwanza na kamba na mishumaa, kisha na picha za setilaiti, rada na magnetomita. Orodha hii ni ya wote wawili, waliojenga na waliopima. Niseme mapema kwamba rekodi nyingi humu ni za mpaka leo tu. Kikishushwa kifaa kipya kutoka garini, mshindi anaweza kubadilika.

Mfereji mrefu kuliko yote: Konstantinopoli

Mji tunaouita leo Istanbul umezungukwa na bahari pande tatu, ila maji matamu ulinyimwa. Mwaka 373, enzi za Kaisari Valens, mfereji mpya ulifikisha maji mjini kutoka vilima vya Thrakia. Karne iliyofuata likaongezwa tawi lililokwenda mbali zaidi, hadi chemchemi za karibu na Vize. Jumlisha matawi yote na unapata angalau kilomita 426, pungufu kidogo tu ya barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Hakuna mfumo mwingine wa maji wa Kirumi unaofikia urefu huo.

Aliyeufuatilia kwa dhati ni Profesa Kâzım Çeçen wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul. Baada yake mwanaakiolojia James Crow na wenzake waliingia msituni na vifaa vya GPS, wakaandika mahali na mwinuko wa kila kipande walichokikuta, daraja baada ya daraja. Ukiwauliza wapimaji hawa, watakwambia kazi yote imo kwenye mwinuko. Mfereji wa Kirumi haukuwa na pampu, maji yalikwenda kwa mteremko peke yake, tena mteremko mdogo mno. Kwa hiyo ukipata vipande viwili vilivyo mbalimbali na ukajua kimo cha kila kimoja, unaweza kuikisia njia iliyopotea katikati: lazima ilishikana na ubavu wa kilima kwa kimo kile kile, ikipinda kila kilima kinapopinda. Unachora mstari kwenye ramani, unachukua panga, unakwenda kuutafuta vichakani.

Hata hivyo, rekodi ya mfereji huu inayonivutia si ya urefu. Maji ya milima ya chokaa huacha utando kwenye kuta za mfereji, uleule unaoganda ndani ya birika la chai, na utando huo hukua tabaka kwa tabaka mwaka hata mwaka. Gül Sürmelihindi, Cees Passchier na wenzao walikata vipande vya utando huo, wakahesabu matabaka na kutangaza matokeo mwaka 2021. Mfumo ulifanya kazi zaidi ya miaka 700. Matabaka waliyoyakuta ni ya miaka 27 tu. Maana yake ni moja: kulikuwa na watu waliokuwa wakishuka mle ndani, kizazi baada ya kizazi, kukwangua chokaa kabla haijaziba njia, na waliendelea hadi karibu na mwisho wake. Kwa kiasi cha kilomita 50 mfereji ulijengwa maradufu, na watafiti wanaona huenda ni kwa ajili hiyo hiyo, upande mmoja usafishwe huku mwingine ukiendelea kupitisha maji. Mainjinia wangapi wa leo huingiza mwaka wa 300 wa matengenezo kwenye bajeti yao?

Ndani ya mji, maji yalihifadhiwa katika mabirika ambayo wachunguzi wameshayaorodhesha zaidi ya 200. Lililo maarufu kuliko yote, Yerebatan, lilijengwa enzi za Justinian katika karne ya 6. Paa lake limebebwa na nguzo 336.

Handaki refu, na kisima chenye kina

Kaskazini mwa Jordan wenyeji walikuwa na jina la handaki moja la kale: Mfereji wa Firauni. Firauni hakuhusika. Kuanzia mwaka 2004 mtaalamu wa maji Mathias Döring na wanafunzi wake kutoka Darmstadt, Ujerumani, walilifuata shimo kwa shimo na kuthibitisha kwamba ni kazi ya Warumi, iliyokusudiwa kuleta maji kutoka Syria hadi mji wa Gadara, unaoitwa leo Umm Qais. Njia nzima ni kama kilomita 170, na kilomita 106 kati ya hizo ziko chini ya ardhi. Hilo ndilo handaki refu kuliko yote yanayojulikana kutoka dunia ya kale ya Ugiriki na Rumi. Halikuchimbwa kutoka ncha mbili, maana kwa urefu huo wachimbaji wangefia humo. Walishusha mashimo mengi kutoka juu, kisha kila kikosi kikachimba kwenda kukutana na jirani yake.

Ufundi huo wa kuunganisha visima kwa handaki umeenea kutoka Iran hadi Morocco. Waajemi huuita karizi au kanati, Waomani falaji. Mshindi wa kina ni karizi ya Gonabad, kaskazini mashariki mwa Iran. Kisima chake mama, kile cha juu kabisa kinachogusa maji, kina kina cha zaidi ya mita 300, na njia yake ni ya kilomita 33. UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016 pamoja na karizi nyingine 10. Oman nayo ina falaji tano kwenye orodha hiyo tangu 2006, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa inayotambulika kuwa kubwa kuliko zote nchini humo. Msomaji mwenye ndugu Nizwa au Rustaq huenda amewahi kunawa kwenye falaji bila kujua kwamba kuna ugomvi mkubwa wa kitaalamu juu yake. Wengi walifundishwa kuwa ufundi huu ulizaliwa Iran, ila Walid Yasin al-Tikriti, aliyechimbua falaji za eneo la Al Ain, alitoa hoja kwamba zile za huko zilikuwapo tangu karibu mwaka 1000 KK, na kwamba Arabia ndiyo iliyotangulia. Mimi naona hoja yake ina uzito, ingawa hainizuii kuivulia kofia Gonabad.

Kipimo kilichochukuliwa kwa magoti

Yerusalemu kuna handaki linalotoa maji ya chemchemi ya Gihoni na kuyapeleka birika la Siloamu, ndani ya kuta za mji wa kale. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka mfalme Hezekia. Mwaka 1838 Mmarekani Edward Robinson na mwenzake Eli Smith waliingia humo na kamba ya kupimia. Walianza upande wa Siloamu. Dari ilishuka, wakainama. Ikashuka tena, wakatambaa. Walipofika futi 800 wakakata tamaa, wakaandika herufi za majina yao na tarakimu 800 darini kwa moshi wa mishumaa. Siku nyingine walirudi kupitia upande wa Gihoni, wakiwa wamevaa nguo za kazi kama hiyo, wakatambaa mpaka wakaikuta alama yao. Jumla yao ilikuwa futi 1,750.

Vifaa vya kisasa vinasema mita 533. Zigeuze ziwe futi uone walikosea kiasi gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi ya kipimo bora kilichowahi kuchukuliwa na watu waliolala kifudifudi majini.

Handaki lenyewe halikunyooka. Limejikunja sana, na bado tofauti ya kimo kati ya ncha zake ni kama sentimita 30. Mwandiko uliogunduliwa ukutani mwaka 1880 unasimulia vikosi viwili vikisikiana sauti kupitia mwamba kabla ya kukutana. Mwaka 2003 Amos Frumkin na wenzake walipima umri wa mimea iliyokwama kwenye lipu na wa chokaa iliyoganda, na majibu yakaangukia karibu mwaka 700 KK, zama za Hezekia.

Katika kisiwa cha Samos, Ugiriki, karne ya 6 KK, fundi Eupalinos alifanya kazi ya namna hiyo kwa nidhamu zaidi: mita 1,036 kupenya mlima, vikosi viwili kutoka pande mbili, na tofauti ya kimo walipokutana ilikuwa chini ya mita moja.

Daraja la kwanza, na majasusi waliosaidia bila kukusudia

Wengi wakisikia daraja la maji huwaza Pont du Gard ya Ufaransa, na kwa urefu wa kwenda juu wana haki: mita 49, refu kuliko madaraja yote ya mifereji ya Kirumi. Lakini Warumi walikuja wamechelewa. Mfereji wao wa kwanza, Aqua Appia, ni wa mwaka 312 KK. Karibu miaka 400 kabla yake, yapata 690 KK, Senakeribu alikuwa ameshavusha maji juu ya bonde huko Jerwan, kaskazini mwa Iraq, kuelekea mji wake wa Ninawi. Thorkild Jacobsen na Seton Lloyd walioichimbua na kuichapisha mwaka 1935 walikadiria kwamba zilitumika zaidi ya mawe milioni mbili ya chokaa kwa urefu wa takriban mita 280.

Kilichobaki ni kujua mfereji uliofika na kuondoka pale ulipita wapi, na jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Kati ya 1960 na 1972 Marekani ilirusha setilaiti za kijasusi za mradi wa Corona. Zilipiga picha kwa filamu halisi, filamu ikadondoshwa kwa parachuti, na ndege ikaidaka hewani. Mwaka 1995 picha zaidi ya 860,000 zilifunguliwa kwa umma. Majasusi walikuwa wakitafuta makombora. Mwanaakiolojia Jason Ur alipozikagua zile za kaskazini mwa Iraq aliona mistari mirefu ya mifereji ya Waashuru na matuta ya udongo waliouchimbua ukingoni. Faida yake kubwa ni umri. Picha hizo zilipigwa kabla trekta, vitongoji vipya na mabwawa ya kisasa hayajafuta alama, kwa hiyo mara nyingine picha ya 1967 yenye ukungu humfaa mtafiti kuliko ya jana iliyo safi.

Kuna ushindi mwingine wa picha hizo. Huko Liangzhu, China, mabwawa yaliyojengwa yapata miaka 5,100 iliyopita yalionekana kama vilima vya kawaida. Picha za Corona zilisaidia kuonyesha kuwa vilima hivyo vifupi vinaunganisha vilima vya asili na kuziba mabonde kwa mpango mmoja. Ni mfumo wa mabwawa 11, mkongwe kuliko kazi zote kubwa za maji zinazojulikana China.

Waliozidiwa na mafuriko

Rekodi ya bwawa kongwe hupewa mara nyingi Jawa, kwenye jangwa la mawe meusi la Jordan, karibu mwaka 3000 KK. Sadd el-Kafara ya Misri ina sifa nyingine. Mwaka 1885 Georg Schweinfurth aliikuta kusini mashariki mwa Kairo: ukuta wa mita 14 kwenda juu na zaidi ya mita 110 kwa urefu, wa karibu mwaka 2600 KK. Haukumalizika. Mafuriko yaliupasua katikati ujenzi ukiendelea, na Wamisri hawakujaribu tena kazi ya ukubwa huo kwa karne nyingi.

Marib ya Yemen ilidumu. Ukuta wake wa karibu mita 600 uligawa maji ya Wadi Dhana kwenye mashamba ya Wasaba kwa zaidi ya miaka elfu moja, ukibomoka na kukarabatiwa. Mtawala wa huko, Abraha, aliandika juu ya jiwe habari za ukarabati wake wa mwaka 548. Kupasuka kwake kwa mwisho kulitokea karne hiyo hiyo, na mafuriko ya Arim yametajwa ndani ya Kurani, katika Sura Saba.

Mji wa kwanza kusomwa wote bila jembe

Falerii Novi, kilomita 50 kaskazini mwa Roma, leo ni malisho na kuta. Mji ulianzishwa mwaka 241 KK na kuhamwa karibu mwaka 700 BK. Timu ya Martin Millett wa Cambridge na Lieven Verdonck wa Ghent ilifunga antena za rada ya kupenya ardhini nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, ikapita juu ya hekta 30.5 zote, ikichukua kipimo kila sentimita 12.5. Rada hutuma mawimbi chini. Yakigonga ukuta, bomba au sakafu hurudi, na muda wa kurudi hueleza kina. Ukipanga marudio yote kwa kina unapata mji umekatwa vipande vya mlalo, kuanzia majani mpaka mita mbili chini. Zilipatikana alama za data bilioni 28, na hekta moja tu ilimchukua mtaalamu kama saa 20 kuichambua kwa mkono. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na huo ukawa mji wa kwanza wa Kirumi kuchorwa wote kwa rada.

Jambo la maji ndilo lililonikamata. Mabomba hayakufuata mitaa tu, yalipita chini ya majengo, mtaa mzima wa nyumba ukiwa juu yake. Ina maana mabomba yalilazwa kwanza na nyumba zikaja baadaye. Jiulize ni mtaa gani mpya wa mji wako ulioanza hivyo, badala ya lami kuwekwa Januari na kuchimbuliwa Machi kwa ajili ya bomba.

Rada hata hivyo haifai kila mahali. Udongo wa mfinyanzi na chumvi huyameza mawimbi yake. Hapo wapimaji hugeukia umeme: hupitisha mkondo ardhini, na mtaro wa kale uliojaa udongo wenye unyevu huupitisha kwa urahisi huku ukuta wa mawe ukikaidi. Au huchukua magnetomita, inayonasa mabadiliko madogo ya usumaku yanayoachwa na udongo uliochomwa, tanuri, vigae na chuma.

Eneo kubwa kuliko yote: Angkor

Mwaka 2007 ramani iliyounganisha picha za anga, rada na safari za miguu ilionyesha kuwa Angkor ya Kambodia, pamoja na mifereji na mabwawa yake, ilienea takriban kilomita za mraba 1,000. Mwaka 2012 Damian Evans na wenzake walirusha helikopta yenye lida, kifaa kinachopiga miale ya laiza mamilioni kwa mamilioni. Michache hupenya kati ya majani na kufika chini, na kompyuta huuondoa msitu pichani. Bwawa la Baray ya Magharibi, la karne ya 11, lina urefu wa karibu kilomita 8 na upana wa 2, na bado lina maji. Ukubwa haukuuokoa mji. Pete za miti ya Vietnam zinaonyesha ukame mrefu wa karne ya 14 na 15 uliokatizwa na mvua kali mno, na mifereji yenyewe inaonyesha ilivyojaa mchanga na kubomolewa.

Nyumbani: Engaruka

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, lipo shamba la kale la umwagiliaji linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyoachwa kusini mwa Sahara. Ni takriban hekta 2,000 za viwanja vidogo vilivyozungushiwa mawe, na mifereji iliyopangwa kwa mawe ikitoa maji ya vijito vinavyoshuka ukutani. Vijiji saba vilijengwa kwa matuta mteremkoni, juu ya mashamba. Watu walilima hapo, mtama ukiwemo, kati ya karne ya 15 na ya 18.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935 na kukadiria wakazi zaidi ya 30,000. Waliopima kwa makini baadaye, akiwemo John Sutton, walipunguza sana idadi hiyo. Namsamehe Leakey: ukisimama katikati ya mawe yale ni rahisi kuona jiji. Daryl Stump alifanya jambo la polepole zaidi. Alichora na kuchimba maungio, pale ukuta wa kiwanja unapokutana na mwingine, ili ajue upi ulitangulia. Akakuta kwamba baadhi ya viwanja havikujengwa juu ya udongo uliokuwapo. Wakulima walipanga mawe kuyapunguza mwendo maji ya mto, udongo ukatua, wakainua mawe, ukatua tena. Shamba lenyewe lililetwa na maji. Hilo hulioni kutoka angani kwa kifaa chochote. Ramani ilionyesha pa kuchimba, na mwiko wa mchimbaji ukajibu.

Engaruka ilihamwa, na watafiti hutaja mito kupungua na udongo kuchoka. Ila ufundi wa ukoo wake haukufa. Mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji ya Wachaga, ipo Kilimanjaro, na kwenye ukuta wa Elgeyo nchini Kenya Wamarakwet bado wanagawa maji kwa zamu za koo. Watafiti wamechora mifereji hiyo kwa GPS wakitembea pamoja na wenye mifereji, njia bora kuliko zote, maana mzee mmoja anaweza kukwambia kwa nini mfereji ulihamishwa. Senakeribu hawezi.

Pwani yetu haina mshindi katika orodha hii, na sababu mojawapo ni kwamba imepimwa kidogo. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones wamepitisha vifaa vya jiofizikia Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, wakasoma viwanja vilivyodhaniwa vitupu. Visima vya mawe vya vijiji vingine, kuanzia Lamu hadi Mtwara, bado vinajulikana kwa wenye mashamba tu, na vingi vinageuzwa majalala.

Kama kipo kimoja karibu nawe, usikichimbe: Tanzania sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inataka kibali, na Kenya kazi hiyo husimamiwa na Makumbusho ya Taifa. Kipige picha, hifadhi mahali kilipo kwenye simu, muulize mzee wa hapo jina lake, kisha umpelekee taarifa hizo afisa utamaduni wa halmashauri au wa kaunti kabla lori la taka halijafika.